Kaya ya Katikati Niliifuata Hadi Maskati

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya nambari moja iliyokataa kuniingia akilini. Kazi yangu katika kaunti ni kukadiria kipato cha kaya ya katikati. Tunazipanga kaya zote za wadi kwenye mstari, kutoka yenye kipato kidogo hadi yenye kikubwa, kisha tunaitazama iliyosimama katikati. Hivyo tajiri mmoja mwenye malori hawezi kutupotosha. Yeye huhesabiwa kama nyumba moja tu. Tulikuwa tumefanya hesabu hiyo mara tatu, miaka tofauti, katika nyumba zilezile. Mara ya tatu, wadi ya Mama Mwende, mmoja wa tuliowahoji, ilipanda ghafla, ingawa mvua ilikuwa imekosa misimu miwili. Kwenye karatasi, sababu ilijirudia nyumba kwa nyumba: "Tunatumiwa pesa na watoto walio Maskati."

Mkubwa wangu, Bwana Kilonzo, alifurahi. "Watu wameinuka," alisema. Lakini wadi ikiinuka huondolewa kwenye mpango wa kaunti wa kuwalipia watoto karo. Nilimsihi asiitie ripoti sahihi kwanza. Likizo yangu ilikuwa imefika, na dada yangu Ndinda, nesi huko Maskati, hakuwa amechoka kunialika.

Jumatano alfajiri ndege ilitua. Ndinda alinipokea akanipeleka kwake Azaiba, vyumba viwili juu ya duka la mapazia. "Umekuja kupumzika ama kuhesabu watu?" aliniuliza. Nilicheka.

Ijumaa asubuhi tulikwenda kanisani, maana huku mapumziko ni Ijumaa, na Wakristo tunasali siku hiyo. Baadaye, uani, niliwauliza akina dada wa kwetu kama wanatuma pesa nyumbani. Wote walisema wanatuma. Nikauliza, "Mwezi uliopita je?" Hapo mmoja akaanza kutafuta kitu mkobani. Mwingine akasema, "Mwezi uliopita hapana, dada. Nilituma kabla ya Krismasi." Ndipo nikamuulizia Mwende, binti wa Mama Mwende. Waliniambia hayuko tena kwenye saluni alikoajiriwa, sasa anafanya kazi Sidab kwa familia ya Waomani waliotoka Unguja.

Saa kumi teksi ilivuka kilima, nikashuka Sidab, penye nyumba nyeupe zilizobanwa kati ya mawe na bahari. Mwenye nyumba, Bi Zuwena, alifungua mlango mwenyewe.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, jua kali. Mwende, mgeni wako huyu! Nnakuja na kahawa."

Mwende alinitambua tangu ziara zetu za kuhoji nyumbani kwao, akashtuka. Alidhani nimeleta habari ya msiba. Nilipomhakikishia kwamba mama yake ni mzima, aliketi ukingoni mwa kiti.

"Saluni ilifungwa," alisema. "Nikakaa bila kazi, halafu nikapata hapa, nusu ya mshahara wa zamani. Tangu hapo sijatuma hata shilingi. Simu pia sijapiga. Nipige niseme nini?"

Nilikumbuka jibu la mama yake kwenye karatasi. Nimeapa kutofichua majibu ya mtu yeyote.

"Mama alikwambia natuma, sivyo?"

Niliinamisha macho sakafuni, na hilo likamjibu. Alifunika uso kwa mtandio.

Bi Zuwena alikuwa amesikia. Aliweka kahawa na halua mbele yetu. "Ulimuuliza wapi huyo mama?"

"Mlangoni, Bi. Majirani walikuwepo."

"Basi! Hata mimi ukiniuliza mbele ya jirani, ntakwambia wanangu wote wanantazama. Wataka niwaaibishe?"

Wakati wa kuagana Mwende alinishika mkono. "Usimwambie chochote. Nitampigia mwenyewe."

Wiki iliyofuata nilirudi kazini. Bwana Kilonzo alinung'unika, hasa nilipomwonyesha kwamba mara mbili za kwanza hatukuuliza kabisa habari za pesa kutoka nje, kwa hiyo tulikuwa tunalinganisha vitu viwili tofauti. Hatimaye aliniruhusu kurudia wadi ile, ndani ya nyumba, bila majirani, nikiuliza habari za mwezi uliopita tu. Kaya ya katikati ilirudi karibu pale ilipokuwa zamani. Alitia sahihi kwa kuguna, na watoto wakabaki kwenye mpango wa karo.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Mwende. Alinikaribisha jikoni, akawa anachambua mbaazi.

"Mwezi uliopita mlipokea chochote kutoka nje?"

"Andika hakuna." Alisukuma ungo kando. "Mwende alinipigia juzi. Ameniambia yote. Nikamgombeza: mbona ulinyamaza, ukaniacha nikidhani umekufa? Akanijibu, 'Na wewe, mama, mbona uliwaambia watu natuma?'"

"Ukasema nini?"

"Ningesema nini? Tulicheka mpaka salio lake likaisha."

Niliandika hakuna. Miaka yote ile nilijua kupanga kaya kwenye mstari. Kuingia jikoni na kuketi kabla ya kuuliza, hilo nimejifunza mwaka huu.