Karatasi Niliyoikuta kwenye Daftari la Atupele

Siku yangu ya kwanza kazini niliteremka Isongole nikiwa na sanduku la bati, cheti cha ualimu na imani kwamba watoto husema kweli. Sanduku lilidumu miaka mingi. Imani ile haikufika Ijumaa.

Mkuu wa shule, mzee mrefu wa kabila la Wandali aliyevaa koti moja la kahawia msimu wote wa baridi, alinikabidhi Jiografia ya kidato cha kwanza na cha pili. Akaja kukaa dawati la nyuma anisikilize. Nilifundisha kontua, yaani ile mistari ya kwenye ramani inayoonyesha mwinuko wa nchi. Nilipomaliza nikauliza kama wameelewa, na darasa zima likaitika, "Ndiyo, mwalimu." Nilifurahi, nikaanza kukusanya vitu vyangu. Mkuu akasimama, akamnyooshea kidole binti aliyeitika kwa sauti kubwa kuliko wote, akamwambia aje achore mlima kwa kontua. Binti akachora pembetatu, na juu yake akaweka jua.

Tulipotoka nje mkuu aliniambia, "Mwalimu, neno 'ndiyo' usilipe alama ya vema. Hapa kwetu 'ndiyo' ni adabu, si jibu."

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kushuku. Wenzangu walinitania kwamba hata salamu naipokea kwa masharti. Lakini ninyi mnaojiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne naomba mlichukue hili mapema: mtu wa kwanza wa kumshuku ni wewe mwenyewe unapofunga kitabu na kusema umeelewa. Chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka bila kuchungulia. Kama huna cha kuandika, basi hukuelewa, ulipendezwa tu.

Pale Isongole tulikuwa tukitembelewa na mkaguzi wa shule. Alikagua kwanza azimio la kazi, ambalo ni mpango wa mwalimu wa muhula mzima, kisha andalio la somo, ambalo ni mpango wa kipindi kimoja. Baada ya hapo alikwenda kwenye madaftari ya wanafunzi. Niliwahi kumpa kwa majivuno daftari la mwanafunzi wangu bora, limepigiwa mistari kwa kalamu za rangi nne. Aligeuza kurasa, akanirudishia. "Safi mno hili," alisema. "Huyu anapaka rangi au anasoma?" Niliudhika wiki nzima. Mwisho wa muhula yule mwenye daftari akapata alama ishirini na nane, na mimi nikaanza kuyashuku madaftari mazuri.

Nilihamishiwa Mpemba, shule iliyo karibu na barabara kuu, ambako malori yalipiga honi kipindi kizima. Huko nilikutana na wanafunzi wa saa nyingi. Mtu anakwambia jana amesoma saa tano mfululizo. Namuuliza amesoma nini, anataja jina la kitabu. Namuuliza kitabu kinasemaje, anatazama dari. Saa tano za kukaa mbele ya kitabu si saa tano za kusoma, kama vile kukaa jikoni si kupika. Nilikuwa nawaambia wasome dakika arobaini, wasimame, wajiulize maswali, ndipo waendelee. Wengi walinijibu kwa ile "ndiyo" ya adabu.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Tunduma mjini, na hapo nikapewa taaluma. Mwalimu wa taaluma ndiye anayepanga ratiba, anayesimamia mitihani ya ndani na anayetunza matokeo. Kwa mtu wa tabia yangu ilikuwa kazi ya kufaa, maana Tunduma kuna mengi ya kushuku. Chukua simu tu. Ukikaa karibu na mpaka, inadaka mtandao wa Nakonde na kujirudisha nyuma saa moja, kwa sababu wenzetu wa Zambia saa zao ziko nyuma ya zetu. Mtahiniwa mmoja alifika kwenye mtihani wa majaribio akitembea polepole kabisa, wenzake wakiwa wamebakiza nusu saa. Alinionyesha simu yake kama ushahidi. Tangu hapo nilihimiza kila nyumba yenye mtahiniwa iwe na saa ya mshale.

Halafu kulikuwa na pepa. Kila mwaka ukikaribia mtihani, uvumi ulitembea kwamba kuna mtu ng'ambo anayo karatasi halisi ya maswali. Nilizikamata kadhaa, zote za uongo, nyingine zikiwa na maswali ya somo ambalo hatulifundishi. Mwanafunzi anayetafuta pepa ameshaacha kusoma, hata kama hajui. Kwa hiyo funguo za kabati la mitihani nilizivaa shingoni. Nilioga nazo.

Sasa niwaeleze habari ya Atupele, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Atupele alikuwa kidato cha nne, binti mkimya aliyetoka Ileje na kuhamia Tunduma na mama yake, muuza maharage sokoni. Alitaka kuwa mpima ardhi. Kwa hiyo alihitaji tahasusi ya Fizikia, Jiografia na Hisabati, yaani mchepuo wa masomo hayo matatu kidato cha tano, na Jiografia ilikuwa somo langu. Zilikuwa zimebaki siku chache tuanze mtihani wa ujirani mwema, ule ambao shule jirani hutunga na kuufanya pamoja kabla ya mtihani wa taifa. Jiografia nilitunga mimi. Maswali yalikuwa kabatini, na funguo shingoni.

Siku ya Jumatatu nilikusanya madaftari kuyakagua. Ndani ya lile la Atupele nikakuta karatasi imekunjwa mara nne. Nikaikunjua. Ilikuwa na maswali kumi yaliyoandikwa kwa mkono wake, na manane kati ya hayo yalikuwa yangu, ya kabatini. Baadhi ya manane hayo yalipishana na yangu kwa maneno mawili matatu tu.

Nilikaa chini. Nilimshuku katibu muhtasi aliyechapa mtihani, kwa kuwa ana ndugu Nakonde. Nikamshuku mlinzi. Nikamshuku mwalimu wa Historia aliyewahi kuja kuazima rula. Panya naye ningemshuku kama angejua kusoma. Kisha nikaipeleka karatasi kwa mkuu wa shule.

Mkuu wetu wa Tunduma alikuwa mtu mfupi mwenye haraka, aliyezungumza akisaini barua. Siku hiyo aliweka kalamu chini.

"Lisemwalo lipo," alisema. "Nataka jina la aliyempa, Ijumaa asubuhi, hapa mezani. Asipolitaja, bodi itamfukuza, nami nitaomba aondolewe kwenye orodha ya watahiniwa. Mtihani wa taifa hataufanya."

Nilimhoji Atupele siku mbili. Alisimama mbele ya meza yangu, mikono nyuma.

"Nani kakupa?"

"Hakuna, madam. Nimetunga mwenyewe."

"Umetunga maswali yangu?"

"Sikujua kama ni yako, madam."

Nilimwona ana kiburi. Nikamwita mama yake, akaja na vumbi la maharage kwenye kitenge, akanisalimu kwa kupiga magoti kidogo hata nikaona haya. "Mwalimu," alisema, "kama ameiba niambie, nitamchapa mimi mwenyewe kabla yako. Lakini huyu nyumbani anaongea na ukuta. Anajiuliza, anajijibu, anajikatalia. Mdogo wangu alisema tumpeleke akaombewe." Nilimsikiliza mpaka mwisho, na moyoni nikasema wamepanga maneno.

Alhamisi nikapata wazo, na nakiri lilikuwa la kumnasa. Mtihani wa kidato cha pili nilikuwa sijautunga. Haukuwa kabatini wala kwenye daftari langu, ulikuwa kichwani tu. Nilifunga mlango wa ofisi, nikampa Atupele karatasi tupu, nikamwambia, "Haya. Tunga mtihani wa Jiografia wa kidato cha pili. Maswali kumi." Mimi nikakaa upande wa pili wa meza nikatunga wa kwangu. Tuliandika bila kusemezana. Malori nje yalinguruma, yeye hakuinua uso hata mara moja.

Nilipoziweka karatasi mbili pamoja, saba yalifanana.

"Umejuaje?" Sauti yangu mwenyewe sikuipenda.

Akaeleza kama mtu anayeomba radhi. Kila akimaliza mada hugeuza vichwa vyake vya habari kuwa maswali, halafu hujibu kwa sauti bila daftari. Akishindwa, anarudia mada. Karatasi za zamani za ujirani mwema alipewa na dada zake wa ukoo waliomtangulia, akazipanga kwa miaka. "Mwaka wa mito haufuatwi na mwaka wa mito, madam. Unafuatwa na udongo. Na wewe swali unalolipenda, darasani unalisema mara mbili, halafu unafuta ubao polepole."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimemshuku kila mtu shuleni, isipokuwa mwalimu aliyetunga maswali yale yale kwa zamu kwa miaka mingi na kuyafungia kabatini kana kwamba ni siri. Aliyevujisha mtihani wangu nilikuwa mimi.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa mkuu nikamwambia nimejiridhisha, binti hana hatia, na kwa usalama ningetunga mtihani mpya.

"Umejiridhishaje?"

"Niamini tu, mkuu."

Alinitazama juu ya miwani. "Wewe hata saa ya ukutani huiamini. Leo unataka wewe uaminiwe?" Lakini alikuwa na barua za kusaini, akaliacha.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo halikuwa la shuku bali la fahari. Sikusimama mbele ya darasa kumsafisha, maana ningelazimika kusema ukweli wangu. Wenzake walikuwa wameshampa jina la Pepa, na jina likabaki. Yeye mwenyewe nilimwita nikamwambia, "Nenda darasani, yameisha. Ila hayo maswali yako, acha kuyaandika. Utajitafutia balaa." Akasema, "Ndiyo, madam."

Mtihani mpya wa ujirani mwema ulipofanyika, darasa zima lilianguka isipokuwa wachache, na Atupele alikuwa wa kwanza. Nilijisemea kwamba hakuna kilichoharibika. Novemba wakafanya mtihani wa taifa, na matokeo yalipotoka Atupele alikuwa na alama nzuri za Fizikia na Hisabati. Jiografia alipata D. Kwa D tahasusi ile ilifungwa, na akapangiwa chuo cha kati kusomea mambo mengine.

Sasa nimestaafu. Nakaa Mpemba, nalima mahindi na kuishuku mbolea ninayouziwa. Wajukuu na watoto wa majirani huja na madaftari yao, na ninawafundisha njia moja iliyo bora kuliko zote nilizoziona katika miaka yangu ya kazi. Usisubiri swali likufuate. Ukimaliza mada, kaa kwenye kiti cha mtahini, ujiulize wewe ungeuliza nini, uliandike, kisha ulijibu bila daftari na kwa sauti, hata nyumbani wakikuona umechanganyikiwa. Kusanya mitihani ya miaka iliyopita uone inazungukaje, lakini usikariri majibu yake, maana siku mtungaji akibadilika utabaki na majibu yasiyo na maswali. Kama swali ulilojitungia likitokea kwenye chumba cha mtihani, hiyo si bahati wala wizi, ni malipo ya kazi yako. Lijibu lote. Njia hiyo si yangu. Nilifundishwa na mwanafunzi, nami nikamkataza kuitumia.

Nikiishia hapo nitakuwa nimewaficha tena. Mwaka mmoja kabla sijastaafu, Atupele alikuja shuleni kuchukua cheti chake. Nilikuwa peke yangu ofisini. Nilimtolea kitabu asaini, na kwa kuwa neno hilo lilikuwa limenikaa kooni muda mrefu, nikamuuliza Jiografia ilikuwaje.

Alisaini kwanza. Alikunja cheti kwa uangalifu akakitia kwenye bahasha.

"Maswali matatu yalikuwa yale yale niliyokuwa nimejitungia nyumbani, madam. Karibu neno kwa neno."

"Sasa kwa nini hukuyajibu?"

"Mawili niliyaruka. Moja nililijibu nusu, ili lisionekane limekaa vizuri sana." Alinitazama, na hakukuwa na hasira usoni mwake. "Niliogopa mtaniuliza nimeyapata wapi."