Mguu wa Kutabiria Mvua

Kwa wakwe zangu, mguu wa mume wangu ulikuwa redio ya hali ya hewa. Naandika haya kwa hasira na sitaomba radhi.

Aliumia utotoni akichunga mbuzi huko Mgori. Mfupa ukaingia usaha, ukatoboka tundu chini ya goti, na tundu halikufunga tena. Mvua zikikaribia lilizidi kutoa maji. Majirani walikuwa wakipita uani: "Shemeji, mguu umelia?" Ukilia, wanaandaa mbegu za alizeti. Yeye anacheka, anafunga kitambaa, anachechemea kwenda shamba.

Mwaka huu ulilia katikati ya kiangazi. Mimi ndiye nafua vile vitambaa, harufu yake naijua. Hii haikuwa ile. Na pembeni mwa tundu nyama ilikuwa imeota, vinundu vinundu kama kichwa cha mtama, ukigusa tu damu.

"Mvua za mapema hizo!" kaka yake akashangilia. "Wahini majembe!"

Wakalima kweli. Mvua haikuja, wakala vumbi, huku wakinicheka eti mwanamke wa shule anaogopa kidonda.

Zahanati walitupatia vidonge vilevile vya siku zote. "Kidonda cha zamani hicho, mama." Nikamfunga mtoto mgongoni, nikamburuta mume wangu hadi hospitali ya mjini. Wakakata kipande cha ile nyama, wakapima. Saratani. Daktari akasema usaha ukikaa mfupani miaka mingi, kidonda kinaweza kugeuka hivyo. Bado haijasambaa. Mguu ukikatwa sasa, anaweza kupona.

Tukarudi nyumbani kuaga. Ukoo ukakaa kikao.

"Mwanangu hatarudi nusu mtu," akasema baba mkwe. Kisha, kwa utani: "Na mvua atatuambia nani?"

Wakacheka. Wote. Mgonjwa amekaa palepale.

Nikapiga goti, maana adabu nilifundishwa. "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Mnataka mguu au mnataka mtu?"

Mama mkwe akanikemea ninyamaze. Sikunyamaza. Nikafungua kitambaa mbele yao, waone wanachokichekea. Kaka mtu akaziba pua, akatoka nje. Hakuna aliyecheka tena.

Mume wangu akashika mwimo wa mlango, akainuka taratibu.

"Mvua mtatazama mawingu, kama watu wengine," akamwambia baba yake. Akanigeukia. "Mama mtoto, begi liko wapi?"

Nilikuwa nimeshalifunga tangu asubuhi.