Adabu Umeiacha Namanga?

Wanaosimulia mambo ya namna hii huanza na usiku wa manane, giza na bundi. Yangu yalitokea saa saba mchana, nimeshiba makande, chaki bado iko mkononi. Usiponiamini sitakulaumu. Ila tukikutana siku moja, niombe nivue kilemba, kisha useme mwenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule kwetu Nakuru, nangojea chuo. Baba alichoka kuniona nimelala kwenye kochi na simu. Kanisa likanitafutia nafasi ya kujitolea kwenye chekechea moja juu ya Ngaramtoni, kule mashamba ya kahawa yanakokaribia msitu wa Mlima Meru. Niliwaambia rafiki zangu naenda ng'ambo, wakacheka mpaka basi. Arusha nayo ng'ambo? Wangejua!

Siku ya kwanza tu niliingia jikoni nikamwambia mpishi, "Nipe chai." Sikumwamkia, sikusema naomba, nilisema vile tunavyosema nyumbani. Mpishi aliitwa Mama Lomayani, mwanamke mnene mwenye mikono ya kupasua kuni. Aliweka kikombe chini, akaniangalia.

"Binti, hapa tunasema naomba. Na mkubwa anaamkiwa shikamoo. Adabu umeiacha Namanga?"

Namanga ndiko mpakani, nilikogongewa muhuri wa pasipoti. Wote waliokuwa jikoni walicheka, nami nikacheka, lakini nilipofika kitandani nililia. Nikaapa kwamba hakuna mtu wa kijiji kile atakayenifundisha adabu tena. Na unajua aliyeokoka jana anavyohubiri kumshinda mchungaji. Nikawa na adabu kuliko wenyeji. Niliamkia shikamoo mpaka vijana wa rika langu, wakawa wananikimbia.

Kulikuwa na jambo moja nililolipenda kuliko yote. Watoto wa Kiarusha hawakupi mkono. Mtoto anakuja mbele yako, anainamisha kichwa, wewe unamwekea kiganja utosini, basi, kasalimia, anakimbia zake. Pale chekechea tuliita kutoa kichwa. Mtoto akisahau, nilikuwa namwuliza, "Wewe, adabu umeiacha Namanga?" Walicheka sana, ingawa hakuna aliyejua Namanga ni kitu gani.

Aliyekuwa hasahau ni Nasieku. Miaka mitano, pengo mbele, sweta la kijani linalomfika magotini. Alitoa kichwa kwa kila mtu, mara moja nilimkuta anamtolea mbuzi wa jirani. Aliishi na bibi yake peke yao, na huyo bibi, aliyemwita Koko kama Waarusha wanavyowaita bibi zao, ndiye aliyekuwa akimfuata kila siku. Koko alinipenda. Kiswahili chake kilikuwa maneno matatu, "mwalimu", "asante" na "kesho", na tulielewana vizuri tu.

Siku ninayokuambia, mwalimu mkuu alikwenda msibani akaniachia watoto. Ulikuwa msimu wa baridi. Ukungu ulishuka kutoka mlimani mpaka nikawa siuoni mti wa bendera. Wazazi walikuja mmoja mmoja, nikabaki na Nasieku, na Mama Lomayani yuko jikoni nyuma akiosha masufuria.

Koko akatokea getini. Shuka lake la bluu, bangili yake ya shaba, uso wake uleule. Hakuingia.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Hali ya hewa imebadilika kweli. Nimemfuata mjukuu wangu, nisaidie kumleta hapa."

Umesikia Kiswahili hicho? Mimi nilikisikia, na badala ya kushtuka nikafurahi. Nikajiambia, hata bibi kajifunza!

Nasieku aliingia nyuma ya sketi yangu.

"Sio Koko," akasema.

"Nasieku! Msalimie bibi."

"Sio Koko, ticha. Sio Koko."

Ndugu yangu, nilikasirika. Sitakuficha, kwa sababu hasira ile ndiyo kisa chenyewe. Niliona aibu mbele ya bibi wa watu, mtoto niliyemfundisha mimi anamkana mlezi wake mchana kweupe! Nilimvuta mkono mpaka getini. Alikuwa amekaza miguu, viatu vinachora mistari kwenye tope. Nikamshika shingo kwa nyuma.

"Toa kichwa. Adabu umeiacha Namanga?"

Nikamwinamisha kwa nguvu. Mimi, kwa mkono wangu huu.

Mwanamke yule akaweka kiganja utosini mwa mtoto. Kisha vidole vikafunga.

Nilisikia kucha zikiingia. Ilikuwa sauti ndogo ya kumenya ndizi mbichi. Damu ikatoka kwenye nywele, ikashuka masikioni, ikaingia kwenye sweta. Nasieku alifungua mdomo na sauti haikutoka. Yule mwanamke akamnyanyua kwa kichwa, kwa mkono mmoja, miguu ya mtoto ikawa inapiga hewani.

Nilimrukia. Nilimpiga ngumi za uso, nikamng'ata bega, na nilichong'ata kilikuwa baridi na kigumu kama ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa. Hakuyumba. Kwa mkono wake wa pili alinishika kiwiko cha kushoto akakipinda, mfupa ukalia, nikauona mkono wangu unaning'inia upande usio wake. Nilipiga yowe. Ndipo naye akafungua mdomo, na ikatoka sauti yangu. Yangu mimi, na lafudhi ya Nakuru!

"Toa kichwa," akasema. "Adabu umeiacha Namanga?"

Akageuka kuelekea msituni na mtoto mkononi. Nikamng'ang'ania shuka, akawa ananiburuta.

Mama Lomayani alikuja mbio na shoka la kuni. Alimpiga mgongoni mara mbili kwa nguvu zake zote, na shoka lilirudi kana kwamba limepiga tairi. Mara ya tatu hakupiga. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Nani kampa kichwa?"

"Mimi!"

"Basi mpe chako! Hawezi kuchukua asichopewa. Mpe chako amwachie!"

Ungefanya nini? Usinijibu haraka. Mimi nilisita. Nasema kweli mbele ya Mungu, nilisita, na wakati nasita nilimwona Nasieku ananiangalia, na miguu yake imeacha kupiga.

Nikapita mbele nikapiga magoti topeni, nikainamisha kichwa. "Shikamoo, bibi," nikasema, huku meno yanagongana.

Nilisikia mtoto anaanguka. Kisha kiganja kikanikaa utosini, kwa upole kabisa, na kucha zikaingia. Damu ilinijaa macho. Mama Lomayani akapiga kelele, "Usiinuke!" na nikahisi shoka linapita juu ya nywele zangu. Safari hii lilipiga ule mkono wenyewe, likaingia. Mkono ulikuwa umeshikilia kilichotolewa, haukuweza kuachia upesi. Alipiga mara nne kabla haujakatika, na kila pigo nililisikia ndani ya fuvu langu.

Yule mwanamke hakulia. Alirudi nyuma akaingia kwenye ukungu, na ukungu ukamfunika. Vidole vilibaki kichwani mwangu mpaka Mama Lomayani alipovibandua kimoja kimoja. Ningependa kukuambia tuliona mguu wa fisi. Ulikuwa mkono wa bibi, wenye mikunjo na bangili ya shaba. Aliutupa motoni chini ya sufuria, na ulichelewa sana kuungua.

Tulikuwa tumemfunga Nasieku kichwa kwa kanga tuliposikia hatua getini. Shuka la bluu. Uso uleule. Mama Lomayani akanyanyua shoka.

"Mikono!" akamwambia. "Toa mikono nje!"

Koko akatoa mikono yake miwili kutoka kwenye shuka, haelewi. Hata hivyo Mama Lomayani hakushusha shoka. Lakini Nasieku aliteleza kutoka mapajani mwangu, akapepesuka mpaka getini, na kwa kichwa kile kilichofungwa kanga iliyolowa damu, akainama mwenyewe. Hakuna aliyemwambia. Koko akamgusa kwa ncha za vidole, akaanza kulia.

Zahanati waliandika kwamba tuliumwa na mbwa. Nasieku alipona, ana alama tano, nywele hazioti hapo. Mimi ninazo tano pia, na kiwiko hakijanyooka mpaka leo. Chuo nilikwenda, nikasomea ualimu, maana sikuweza kufanya jingine. Ngaramtoni sijarudi. Mwalimu mkuu alinipigia simu mwaka jana. Akasema kuna siku ukungu ukishuka watoto wanaingia ndani wenyewe na kufunga mlango. Wanasema ticha wa Kenya yuko kwenye ua. Anawaambia watoe kichwa.

Sasa sikiliza, mzazi, mwalimu, shangazi. Mgeni atakuja kwako, pengine ni ndugu, pengine ni mtu wa kanisani anayeheshimiwa na wote, na mtoto wako atakataa kumsalimia. Utaona aibu. Utataka kumshika shingo. Toa mkono wako hapo. Aibu utaimeza itapita, lakini kichwa cha mtoto ukishakitoa wewe, cha kukirudisha huenda ukakosa. Mimi nilimwuliza mtoto adabu yake ameiacha wapi. Nilipaswa kumwuliza ameona nini.