Mwili Mmoja, Makalio Manne

Barabara ya kutoka Kibondo mjini kwenda kwetu Murungu siku hizi naipita nikiwa nyuma ya pikipiki, na nakumbuka siku tuliyoitembea kwa miguu mimi na mke wangu, tukisukuma baiskeli isiyo na kasoro yoyote. Hatukuweza kuikalia.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakimbizi walipokuwa wengi na maharage yakawa na bei. Nilinunua maharage Mabamba, nikayapeleka Kasulu kwa lori, nikalala huko nyumba ya wageni mpaka yaishe. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikajiona mjanja. Huko Kasulu nililala na mwanamke asiye wangu. Baadaye nikatokwa na kidonda kisichouma sehemu za siri. Nikanunua vidonge dukani bila kupimwa, kidonda kikafunga, nikajisifu kimoyomoyo kwamba nimepona.

Kisha mtoto wetu wa kwanza akazaliwa amekufa. Tulimzika nyuma ya migomba. Wanawake wa rika la mke wangu waliitwa kwa majina ya watoto wao, Mama fulani na Mama fulani. Yeye waliendelea kumwita bibi harusi hata kanga zake za harusi zilipopauka. Mimi aliniita "wewe" tu.

Mimba ya pili ilipofika, alikwenda kliniki, wakampima damu. Alirudi jioni akitembea kwa shida, akaniambia amekutwa na kaswende, amechomwa sindano, na nesi anataka na mimi nifike.

Nilijua imetoka wapi. Badala ya kusema, nikafanya mzaha. "Si tulifungishwa ndoa kanisani? Sisi mwili mmoja. Ukichomwa wewe, nimechomwa na mimi."

Hakucheka. Kesho yake akarudi mjini kumuuliza nesi kama ni kweli, na aliporudi akanikuta nachambua maharage uani.

"Nesi anasema mwili mmoja ni sawa," alisema, "lakini una makalio manne, na mawili bado. Anasema usipochomwa utaniambukiza tena, na mtoto hatapona." Akakunja kanga. "Kama na huyu unataka tumzike, niambie mapema nianze kuchimba."

Wiki iliyofuata, siku ya sindano yake ya pili, nilimpakia kwenye baiskeli tukaenda wote.

Nesi alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole. "Karibu shemeji. Leo kanisa limetimia," alisema. Alitia maji kwenye chupa ya penisilini, akaitikisa mpaka ikawa nyeupe, nzito kama uji wa mtoto. Akatuchoma makalioni, kila mmoja na chupa yake: nusu upande huu, nusu upande ule. Mguu ukawa kama gogo. Akatuambia tusubiri kidogo aone kama dawa imetukubali, tukakae kwenye benchi. Tulisimama ukutani wote wawili, na watu waliokuwa kwenye benchi wakasogea kutupa nafasi, tukakataa kwa adabu.

Kwa hiyo kurudi nyumbani tukatembea, tukisukuma baiskeli. Tulipouacha mji nyuma, nilimwambia habari ya Kasulu, yote, na kidonda, na vidonge. Alinisikiliza huku ameshika kiti cha baiskeli.

"Alikuwa mzuri?"

"Sura yake siikumbuki."

"Basi mtoto wangu amekufa kwa sura usiyoikumbuka."

Nikaendelea kusukuma. Tulikwenda hivyo mlima mzima. Tukakutana na akina mama waliojitwika mihogo, wakatuonea huruma.

"Poleni. Baiskeli imepata pancha?"

"Baiskeli nzima," mke wangu akawajibu. "Pancha tumepata wenyewe."

Walipopita alianza kucheka, akashindwa kujizuia, akaegemea usukani. Nami nikacheka mpaka machozi. Mengine yalikuwa machozi tu. Kutoka pale alizungumza njia nzima: habari za mama yake aliyevuka mpaka kutoka Burundi akiwa na jembe na kuku mmoja, habari za ng'ombe ambaye yeye alitamani tumnunue. Katika miaka yote ya ndoa yetu hatukupata tena kuzungumza kiasi kile. Wiki zilizofuata nilirudi kliniki hadi dozi ikaisha, na kila mara tulitembea, hata siku ambayo yeye alikuwa amemaliza zake na angeweza kupanda.

Mtoto alizaliwa wakati wa mvua. Nilikuwa nje ya wodi niliposikia kilio, kisha sauti ya mke wangu, imechoka, ikimwagiza mkunga: "Mwambie Baba fulani alete chai." Kwenye hiyo "fulani" alitaja jina la mtoto tulilochagua njiani. Nilichelewa kuelewa kwamba ni mimi naitwa.

Aliniita hivyo mpaka alipofariki, na huyo mtoto sasa ana watoto wake. Nilifurahia kuitwa. Lakini nikipita nyuma ya migomba huwa nasimama kidogo, maana yule wa kwanza ndiye aliyestahili kutupa majina.