Fundi Aliyejifunza Kuchoka

Nusu ya mtaa ilivaa nguo za mwanamke huyu fundi cherehani, na nusu iliyobaki ilimsema. Kisa kope. Kope zake zilikuwa nzito, zimeshuka hadi katikati ya jicho, na mteja akiingia dukani alidhani amemkuta akisinzia. Lakini mpe kitambaa uone. Pindo lilinyooka, kola ilikaa sawasawa, na kifungo alichokishona yeye kilidumu kuliko shati lenyewe.

Nyumbani alikozaliwa hawakumwita fundi. Mama yake alimwita Goigoi. Akitumwa dukani alikaa njiani, akifika kwenye ngazi alikaa tena, na wenzake wakiruka kamba yeye alikuwa mshika kamba. "Ajizi nyumba ya njaa!" mama alifoka. "Jikaze!" Basi mtoto akajikaza kisabuni, mpaka neno "nimechoka" likatoweka kinywani mwake moja kwa moja. Alipokuwa mtu mzima, cherehani ya kukanyaga ikaishinda miguu yake, akaifungia mota ya umeme. Majirani waliposema hata cherehani ameona uvivu kuikanyaga, alicheka nao. Kwenye ngazi alikuwa na hila yake. Alisimama katikati, akapekua mkoba kama mtu anayetafuta ufunguo, huku ufunguo wenyewe unaning'inia shingoni.

Mama yule, ambaye sasa kila mtu alimwita Bibi, alikuwa mtu wa heshima zake. Sifa yake kubwa ilikuwa salamu. Akikutana nawe njiani lazima asimame: hamjambo huko, watoto je, mgonjwa wenu anaendeleaje, na lile paa bado linavuja? Wenye haraka walimkwepa kwa kupita uchochoroni, lakini hata hao walikiri kwamba adabu ya namna ile siku hizi haipatikani.

Bibi alizaa watoto wawili tu. Kaka yake Fundi alikuwa mchukuzi wa mizigo, na siku moja mchana alianguka na gunia begani, moyo umesimama. Watu wakasema siku zake zimefika, wakazika. Fundi alimlilia kaka huyo miaka na miaka.

Moyo wa Fundi mwenyewe ulipoanza kurukaruka, alikwenda hospitali kuomba dawa ya presha. Daktari aliyempokea alimtazama kope, akamuuliza habari za ngazi, kisha akamuuliza kama kuna ndugu aliyekufa ghafla. Mambo hayo matatu hakuwahi kuyaona yakiwekwa pamoja. Akapelekwa ghorofa ya tatu, kwa watu wanaotafiti magonjwa ya moyo na misuli.

Mkubwa wa utafiti alikuwa daktari mwanamke mwenye kicheko cha kusikika koridoni. Alimpandisha kwenye baiskeli isiyokwenda popote, akambandika nyaya kifuani.

"Endesha taratibu, dada. Ukichoka tu, sema."

Fundi akaendesha. Jasho likamtoka, magoti yakaanza kutetemeka.

"Umechoka?"

"Bado."

"Na sasa?"

"Sijachoka, daktari. Endelea na kazi yako."

Alianguka mikononi mwa muuguzi, na karatasi ya mapigo ya moyo ikatoka imechafuka michoro. Alipozinduka, daktari alikuwa amekaa karibu yake, hacheki.

"Dada, hapa hatutafuti bingwa. Mahali unapochoka ndipo mahali ninapopatafuta. Ukinificha, nitakuwa nimepima uongo."

"Niliogopa mtaandika mvivu," Fundi akasema.

Aliporudi mara ya pili, alilitamka neno lile kwa sauti ndogo, kama mtoto anayetukana mbele ya mwalimu. Na walipomwambia kuwa watachukua kipande kidogo cha nyama kutoka pajani, akauliza kama wanataka robo kilo au nusu. Walichukua kisichozidi punje ya haragwe, wakakigandisha, wakakikata vipande vyembamba na kuvitia rangi. Daktari akamwita achungulie kwenye hadubini.

Aliona nyuzi zimelala pamoja, nyingine safi, nyingine zimeparara na kuwa nyekundu kwenye kingo. Akaitazama misuli yake kwa jicho la fundi.

"Kitambaa hiki kimeungua pembeni," akasema.

"Ndivyo. Ndani ya kila seli mna majiko madogo ya kugeuza chakula kuwa nguvu, yanaitwa mitokondria. Yako mengi hayashiki moto. Misuli ndiyo inayokula nguvu nyingi, na moyo nao ni msuli. Dawa ya kuyatengeneza bado tunaitafuta, lakini moyo tunaweza kuulinda tukiwahi. Hukuwa mvivu, dada. Umejenga nyumba na kusomesha mtoto kwa moto wa kibatari."

Fundi alilia pale pale, na hakuona haya. Hapo ndipo daktari akasema jambo la pili, kwamba majiko hayo mtoto huyarithi kwa mama yake tu, na akauliza ana watoto wangapi.

Alikuwa naye mmoja, binti wa sekondari, mcheshi, mwenye desturi ya kuinama kila ngazi zikiwa ndefu ili afunge kamba za viatu. Mama alikuwa ameziona kamba hizo siku nyingi, na hakutaka kuelewa. Sasa kila usiku alimwona kaka na gunia lake.

"Mimi niko fiti, mama," binti alisema alipoombwa akapimwe. "Usiniuguze."

"Ukoo wetu hauna ugonjwa," Bibi akadakia, akimgeukia Fundi. "Una uvivu, na huo ni wako peke yako."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini nyumba ile ilikuwa imefuzu kuficha. Angempeleka binti kwenye baiskeli kwa nguvu, naye angesema "sijachoka" kama alivyofundishwa. Tena Fundi alijua ni nani aliyemfundisha.

Siku ya kwenda kuzungumza na daktari, aliwaomba wote wawili wamsindikize. Binti alikubali ili abebe mkoba, na Bibi alikubali ili awazuie madaktari wasimkate tena mwanawe. Lifti ilikuwa imeharibika. Wakapanda ngazi.

Kabla ya kufika ghorofa ya pili, binti aliinama kufunga kamba. Hapo hapo Bibi akakutana na mfagiaji asiyemjua hata kidogo, akaanza: hujambo baba, watoto je, na mama watoto? Mkono wa Fundi ulikuwa tayari umeingia katika mkoba aliobeba binti, unatafuta ufunguo.

Akausimamisha mkono huo. Akamtazama binti, ambaye kamba zake zilikuwa na mafundo mawili tayari. Akamtazama Bibi. Kisha akautoa mkono, akaketi kwenye ngazi, katikati ya wapita njia.

"Nimechoka," akasema, kwa sauti ya kusikika juu na chini.

"Inuka!" Bibi alinong'ona kwa ukali. "Watu wanatutazama."

"Waache watazame. Nimechoka, mama, tangu utoto wangu. Na kaka alikuwa amechoka, akakosa wa kumwambia."

Binti alibaki ameinama, ameshika kiatu. Halafu akaketi ubavuni mwa mama yake.

"Na mimi," akasema. "Kila siku. Moyo unanirukaruka, niliogopa kukwambia."

Fundi alimkumbatia kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

Mfagiaji alikuwa amekwisha kujibu kwamba mama watoto hajambo, akawa anangoja swali linalofuata. Halikuja. Bibi alikuwa ameshika chuma cha ngazi kwa mikono miwili, kifua kikipanda na kushuka, na kope zake, zile zile za mwanawe, zilikuwa zimelowa.

"Sogeeni," akasema. "Hilo jina la Goigoi lilikuwa langu kwanza."