Mwambie Atakayekanyaga

Mwanangu, iko siku moja ambayo hunirudia kila ninapolala chini ya gari na kutu ikinidondokea usoni. Ilinirudia tena juzi nilipokuona ukikaza bolti huku unaimba. Sikukukatiza kwa sababu wimbo ulikuwa mzuri, lakini leo acha chai ipoe kidogo nikusimulie.

Nilikuwa msichana pekee katika gereji ya Mzee Gathogo, upande wa chini wa mji wa Nyeri. Wateja wengi walidhani mimi ndiye muuza chai. Wengine waliniagiza mandazi kabisa, nami nikawaletea spana. Mzee Gathogo alikuwa na maneno machache na hasira za karibu, ila kazi alinifundisha bila kunificha kitu, na kwa hilo namshukuru hadi leo.

Asubuhi hiyo ililetwa pikapu ya mbolea. Mwenyewe alikuwa mtu wa Tetu, tukimwita Baba Kimani, na kazi yake ilikuwa kuwapelekea wakulima wa chai magunia yao hadi nyumbani. Alikuja na mpakiaji wake, kijana mmoja aitwaye Wahome. Unajua wapakiaji wa kwetu wanavyosafiri. Haketi ndani. Anasimama nje juu ya ngazi, kile chuma kirefu cha kukanyagia kilicho chini ya mlango, ameshika reli za nyuma, ili gari likifika kwenye geti la mtu aruke, ashushe gunia, kisha arukie tena. Sasa ngazi za pikapu ile zilikuwa zimeoza. Baba Kimani alinunua mpya zinazong'aa, akataka zifungwe kabla ya saa sita.

Mbolea, mwanangu, ni chumvi. Ikimwagika kwenye gari na kukutana na umande wetu huu, inakula chuma hata gari likiwa limelala. Tulipofungua ngazi za zamani, bolti nyingine zilikatikia ndani, na zilizotoka zilitoka zimevaa unga mwekundu. Nikachukua bolti mpya nikaiingiza kwenye nati iliyochomelewa ndani ya chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari. Ikaingia kwa shida, ikalia, ikakwama. Nikavuta spana kwa nguvu zangu zote mpaka haikusogea tena, na moyo wangu ukatulia.

"Mzee, hii imekaza mpaka basi," nikasema.

Mzee Gathogo akajiingiza chini ya gari, akalala kando yangu, akaitazama. "Hiyo haijakaza. Hiyo ni ngumu tu. Ni kutu inashika spana yako. Hebu rudisha uone."

Nikairudisha. Ilitoka imebeba meno ya nati, yamesagika kama unga wa wimbi. Bolti yangu ilikuwa imeshikwa na uchafu, na uchafu ukitikiswa barabarani huachilia. Nilikuwa nimejisifu bure.

Ndipo akanieleza kazi ilivyopaswa kufanywa. Upige brashi ya waya mpaka chuma chenyewe kionekane. Upake mafuta ya kulainisha kutu, uache yalale humo yafanye kazi yake. Bolti uianze kwa vidole, si kwa spana, na ikikataa uirudishe nyuma badala ya kuilazimisha. Na nati ikiwa imeliwa kabisa kama zile, basi usiibembeleze. Toboa, upitishe bolti ndefu, uifunge kwa nati mpya upande wa pili. Kazi hiyo haikuweza kwisha kabla ya kesho yake.

"Kesho?" Baba Kimani akashtuka. "Mzee, niko na mbolea ya watu inangoja huko Wamagana, na mvua ndio hiyo imefika. Si unikazie tu hivyo hivyo, nitarudi wiki ijayo?"

"Hapana. Mtu akisimama hapo ataanguka. Mimi sifungi."

"Basi wacha. Ati mafundi wameisha Nyeri?"

Wakati hayo yakisemwa, Wahome alikuwa upande wa pili wa uwanja, amekaa juu ya tairi, anakula githeri. Hakusikia neno. Nilipopita karibu yake alinitania kwamba akioa ataoa fundi, ili gari lisimlaze njiani tena. Nikamwambia aanze kwanza kununua gari. Tukacheka. Kisha Baba Kimani akapiga honi, ngazi mpya zikatupwa nyuma, Wahome akapanda akazikalia na kunipungia kijiko. Nami nikampungia. Mzee Gathogo akakusanya vyombo vyake, na sote wawili tukajiona watu wa haki.

Fundi mwingine alizifunga mchana huo huo. Simlaumu kuliko ninavyojilaumu. Nadhani alivuta spana mpaka ikakataa, na moyo wake ukatulia kama wangu.

Hata mvua ilikuwa haijashika vizuri tulipoletewa habari na mchukuzi wa maziwa. Pikapu ilikuwa ikiteremka kuelekea Wamagana na mzigo wake. Kwenye kona ngazi ikang'oka chini ya miguu ya Wahome, na gurudumu la nyuma likampanda. Alifia pale pale barabarani, kabla Baba Kimani, aliyekuwa akiendesha, hajajua kwamba amebaki peke yake.

Nililia sana siku hiyo. Halafu, katika kutafuta pa kushika, nikasema, "Afadhali sisi tulikataa."

Mzee Gathogo alitupa spana ikagonga ukuta. Sijawahi kumwona na uso ule.

"Tulikataa tukamwambia nani?"

"Baba Kimani."

"Baba Kimani anakaa ndani, amejifungia mlango. Hapo nje anasimama nani? Nilimwona akikula. Na wewe ulimwona, mkacheka. Nani kati yetu alifungua mdomo?"

Nikaiokota ile spana, mwanangu, nikairudisha mahali pake.

Tulienda matangani pamoja. Mama yake Wahome alikuwa ameketi kwenye mkeka kati ya wanawake wa kanisa, na alipomwona Mzee Gathogo akamwita karibu.

"Wameniambia gari ilianzia kwako. Wewe uliiona?"

"Niliiona."

"Na mtoto wangu alikuwa hapo?"

"Alikuwa hapo."

"Ukamwambia?"

Mzee akatikisa kichwa. Yule mama hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alimtazama tu, akasema, "Angeshuka. Wahome hakuwa mbishi. Mtu angemwambia, angekaa juu ya magunia." Kisha akaagiza tupewe chai, kwa sababu tulikuwa wageni. Nilikishika kikombe mpaka chai ikapoa.

Tangu hapo Mzee Gathogo alibadilika. Akikataa gari, au akiwa na shaka nalo, alimwacha mwenyewe akifoka na kwenda kumtafuta yule atakayepanda. Alimwita mpakiaji aje alale chini aone kutu kwa macho yake. Siku moja alimwamsha nyanya aliyekuwa amesinzia kwenye kiti cha nyuma, akamwambia ashuke, na mwanawe akatukana mpaka akachoka. Mzee alivumilia. Wateja kadhaa walituhama, tukaambiwa tuna midomo.

Basi nasaha yangu ni hii. Usiamini ugumu wa spana. Safisha kwanza, paka mafuta, subiri, na chuma kilicholiwa usikidanganye kwa nguvu za mkono. Hilo utalijifunza upesi, una vidole vizuri. La pili ndilo gumu. Ukijua hatari, usidhani umemaliza kwa kumwambia mwenye gari. Mtafute mwenye kuweka mguu pale, hata kama si yeye aliyekuletea kazi, hata kama anakula, hata kama mnacheka. Mwambie kwa maneno yanayoeleweka, usiondoke mpaka umeona amekuelewa. Akikuona una kiherehere, shukuru, maana yuko hai wa kukuona hivyo.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na midomo yako zaidi. Uzeeke kazini macho yako yakiwa yanaona. Na mama wa mtu asikuite kamwe mkekani kwake akuulize kama ulimwambia, wewe ukabaki kutikisa kichwa.