Sikio Tuliloliziba

Enzi zetu pale mtaani Buxton, Jumamosi alasiri ilinukia bhajia na kusikika piano yenye mafua. Nyinyi mliokulia kisiwani miaka ya tisini mtanielewa. Tulikuwa tukicheza kati, tukikwepa mpira hadi vumbi lituingie puani, midomo myekundu kwa mabuyu, barafu ya ukwaju ikitutonea viganjani, mara mama atoe kichwa dirishani: "We Mkamburi! Utaimba kwaya na miguu hiyo? Hebu njoo!" Naoshwa kwa maji ya ndoo, napakwa mafuta hadi nang'aa, mbio hadi ukumbi wa kanisa.

Huko alikuwako Mwalimu Mwakio. Siku za kazi alifundisha hesabu shule ya msingi, Jumamosi alikuwa wetu. Nyimbo alitunga mwenyewe, za sauti nne na piano, na piano yake haikufuata waimbaji nyuma nyuma kama mtoto ashikaye kanga ya mamake. Ilibishana nao. Ilikuwa piano kuukuu, imevimba kwa hewa ya chumvi, ndani yake Mwalimu aliwasha balbu ili ikauke. Ole wake aliyeizima. Dirishani kwa nje Bi Mwanaisha alikaanga bhajia zake, na Mwalimu akikosea kidogo tu, alipiga kelele: "Mwalimu, hapo sipo!" Naye Mwalimu alirudia, nasi tukafa kwa kicheko.

Alitufundisha kwa do-re-mi ubaoni. Karatasi hakutaka kuiona. "Karatasi italiwa na mende," alisema, "nyinyi hamliwi." Kila sauti alifundisha peke yake, wengine nje, kisha akafuta ubao. Na siku ya kuimba pamoja alitukagua kama askari: kila mmoja kidole sikioni, sikio la upande wa jirani, asije akavutwa na sauti isiyo yake. "Chunga yako! Ya mwenzio yakuhusu nini?" Mimi nilikuwa sauti ya pili, nasimama ubavuni mwa Wakesho wa sauti ya kwanza, mtoto aliyeimba hadi Bi Mwanaisha akaunguza bhajia. Basi sikio langu la kulia lilikuwa limezibwa, miaka yote ile.

Wimbo wake mkubwa ulikuwa mrefu, wa polepole, na katikati sauti tatu zilinyamaza kabisa. Wakesho peke yake alipaa, piano ikamjibu. Siku tulipoumaliza Mwalimu alifunga kifuniko cha piano, akatuambia, "Huu mtaniimbia siku mnaniaga." Tulicheka. Mwalimu afe, aende wapi? Tukaitikia kwa pamoja kama darasani, "Ndiyo, Mwalimu!"

Alikufa mwaka jana. Mkewe alinipigia simu, hakulia hata kidogo, akasema tu, "Mkamburi, mlimwahidi."

Jamani, niliwatafuta. Wakesho tulishamzika zamani. Wengine wa sauti ya kwanza wameolewa huko na huko, nikiwapigia wananiambia, "Wimbo gani huo, dada?" Sauti ya tatu wamekwenda Arabuni kutafuta maisha, na aliyebaki haukumbuki. Nilimpata Mwadime tu, sauti ya nne, anauza spea za malori Makupa. Tuliketi nyuma ya duka lake tukaimba, yeye chini kule ananguruma, mimi katikati nashikilia noti mbili tatu. Tulisikitisha. Ilikuwa nyumba yenye nguzo na sakafu, paa hakuna. Nikaenda ukumbini kuitafuta piano, labda vidole vya mtu vitakumbuka. Mchwa wameila tumbo, juu yake pamepangwa viti vya plastiki.

Mwadime ndiye aliyesema, "Bi Mwanaisha je? Yeye hakuziba sikio." Mbio hadi Bondeni, kwa bintiye anakoishi sasa. Nilimwamkia, akanishika mikono, akanipapasa uso. Nilipomweleza alifumba macho. Kisha akasema, "Mwanangu, ulikuwa mzuri, wallahi. Mzuri! Lakini mimi nalikuwa nakaanga bhajia. Kuuimba siujui." Alilia yeye, nikalia na mimi.

Tukauimba hivyo hivyo, mimi na Mwadime, mbele ya jeneza. Tulipofika pale pa kunyamaza, tulinyamaza. Mwadime akahesabu kwa kidole pajani. Mimi nikajikuta mkono umekwenda wenyewe sikioni. Kanisa zima likadhani tumesahau maneno. Kulikuwa na kijana wa kinanda, hawa wa siku hizi ambao kinanda kinawapigia na wao wanatikisa kichwa tu. Alituonea huruma, Mungu ambariki. Akabonyeza kitufe, ngoma ikaanza chikichi-chikichi, watu wakainuka na makofi kutuokoa. Nafasi ya Wakesho ikajaa. Mjane peke yake hakupiga makofi. Aliniangalia tu.

Wakati ule tulikuwa watoto arobaini hamsini kwenye ukumbi mmoja wa joto, wimbo mzima umo vichwani mwetu, kila mtu na kipande chake. Leo nyimbo zote za dunia zimo kwenye simu ya binti yangu, huo haumo. Nikiosha vyombo hunitoka, hiyo sauti ya pili, noti zile zile zinazokwenda na kurudi. Juzi alikuja jikoni akatoa vile vidude vyake masikioni, maana wao huziba yote mawili, akaniuliza, "Mama, mbona huo wimbo hauna wimbo?"

Ulikuwa nao, mwanangu. Ulikuwa kuliani kwangu, nami kidole kimo sikioni, nimeambiwa nichunge yangu.